Maji Yaliyopanda Kilima cha Kipara

Hapo zamani za kale, na wewe uliyeshika hindi la kuchoma punguza kutafuna ili wenzako wasikie, wanyama walilima kama tunavyolima sisi. Walikuwa na majembe na vihenge, walikuwa na mawifi na mashemeji, na walikuwa na majirani wa kuwachosha roho. Katika zamani hizo palikuwa na kilima kimoja na bonde moja, na ugomvi wote wa hadithi hii ulitokea kati ya hicho na hilo.

Kilimani aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu. Mumewe alichukuliwa na tai mwaka wa nzige, shamba na watoto vikabaki mikononi mwake. Na mikono ya pimbi mnaijua. Ni laini, mizuri kwa kupanda mawe, haifai kwa kuchimba. Lakini kwa ubishi, hapakuwa na mnyama wa kumfikia.

Bondeni waliishi wakubwa watatu. Kulikuwa na Kiboko, aliyekuwa Jumbe wa bonde na mwenye bwawa. Kulikuwa na Nyati, aliyenuna tangu siku aliyozaliwa na hakuna aliyejua sababu. Na kulikuwa na Kifaru, ambaye macho yake hayakuona mbali na hasira zake hazikungoja.

Udongo wa bondeni ulikuwa mfinyanzi mweusi, unaonata kama ugali mbichi. Mvua ikinyesha siku moja, madimbwi hukaa mwezi mzima, mpaka vyura wanaoa humo na kuozesha. Udongo wa kilimani ulikuwa mwekundu, tifutifu, wenye kiu. Shikeni hilo la madimbwi, msije mkaniuliza baadaye.

Basi mvua ikaanza ukorofi. Msimu wa kwanza haikuja kabisa. Nyasi zikaliwa mpaka mizizi, na kilima kikabaki uchi. Msimu wa pili ilikuja alasiri moja tu, tena kwa hasira, shwaaaa! Ilikuta hakuna jani wala jiti la kuishika, ikateremka na kila ilichokikuta, mtama uliokuwa umepandwa kuingoja, samadi, na udongo wenyewe. Asubuhi yake Bi Pimbi alitoka nje akakuta shamba lake limebaki mbavu. Kilima kile zamani kiliitwa Kilima cha Mtama. Watu wa bondeni wakaanza kukiita Kipara, na wakacheka.

Bi Pimbi akashuka bondeni kuutafuta udongo wake. Hakuutafuta sana. Aliukuta umelala juu ya shamba la Kiboko, mwekundu juu ya mweusi, kina cha goti. Aliujua kama mtu anavyoijua kanga yake kwenye kamba ya jirani. Tena kwenye tope lile palichomoza mpini wa jembe la marehemu mumewe.

Akamwendea Kiboko bwawani, akapiga goti kwa heshima. Alimwomba ruhusa ya kuuchota udongo kwa kikapu, kidogo kidogo, aurudishe nyumbani. Kiboko alitoa pua nje ya maji, akamwambia kwamba sheria ni moja.

"Kilichoshuka bondeni ni cha bonde," alisema.

Bi Pimbi akaomba basi kibuyu kimoja cha maji, kwa ajili ya watoto. Kiboko akacheka mpaka bwawa likayumba.

"Maji hayapandi kilima, Bi Pimbi. Tangu dunia iumbwe, umesikia wapi maji yakipanda kilima?"

Bi Pimbi akainuka, akapangusa magoti. Alipopita shambani aliung'oa ule mpini, akautia kwapani, akaondoka nao. Huo hakuuomba.

Njiani, mteremkoni, alikuta gogo limelala kukingama. Nyuma yake, upande wa juu, udongo ulikuwa umekwama, kiasi cha kiganja kimoja kwenda chini, na juu yake uliota mkunde mmoja, wa kijani, peke yake kilima kizima. Bi Pimbi alikaa chini akautazama mpaka watoto wakaja kumtafuta.

"Gogo hili halijui kulima," aliwaambia, "limelala tu. Na limevuna kutuzidi sisi."

Kesho yake akautia ule mpini kwenye jembe, akaanza kuchimba mtaro wa kukingama kama gogo lilivyolala, na wanawe wakizoa udongo kwa mikono. Walichimba siku kumi na moja. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Mwisho wa siku kumi na moja mtaro wao ulikuwa na urefu wa chatu aliyenyooka, na kilima kilihitaji mtaro wa kuanzia ubavu huu mpaka ubavu ule, tena si mmoja. Bi Pimbi akaenda kuomba msaada kwa Nyati na Kifaru, wenye nguvu za kupoteza. Nyati alimgeuzia mgongo. Kifaru alimwambia aje siku nyingine, na sauti yake ilisema asije.

Nyumbani pangoni, juu ya mafiga, kulikuwa na kibuyu cha mbegu za mtama. Hicho ndicho kilichobaki katika mali yote ya Bi Pimbi. Mtoto wake wa mwisho aliitwa Kabula, jina la mtoto wa mvua, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo alikuwa hajaona mvua nyingine isipokuwa ile iliyoiba shamba. Jioni Kabula alikaa chini ya kile kibuyu, akakitazama, akauliza kwa nini hakipikwi.

"Mbegu haipikwi," mama yake alimjibu. "Ukipika mbegu umekula mwaka mzima ujao, na asubuhi bado utaamka na njaa."

Na yeye mwenyewe aliposema hivyo alikuwa hajala tangu juzi. Alikuwa mama, hakuwa jiwe.

Msimu wa tatu ukapita bila tone. Ndipo asubuhi moja ardhi ikaanza kutikisika, ndi! ndi! ndi! Wakubwa watatu walikuwa wanapanda kilima, na nyuma yao swala, ngiri na kanga wa bondeni, waliokuja kuona kitakachotokea. Mgongoni mwa Nyati alikaa Yangeyange, ndege mweupe, karani wa baraza la bonde. Yangeyange alikula kupe kwa kazi na kusema kweli kwa tabia, na tabia hiyo ilikuwa imemharibia urafiki mwingi.

Kiboko akasoma hukumu. Shamba lisilovunwa misimu mitatu limekufa, na shamba lililokufa huchukuliwa na mwenye nguvu ya kulifufua. Kuanzia leo kilima kitakuwa malisho ya wakubwa, wakati nyasi za bondeni zinapopungua. Bi Pimbi ahame na vitoto vyake, mawe yako mengi duniani.

Bi Pimbi akageuka nyuma. Alitaka kulia. Akawatazama wanawe watatu waliobanana mlangoni pa pango, akaona kwamba akilia yeye hakuna wa kumnyamazisha. Akapanda juu ya jiwe, ili macho yake yalingane na ya Kifaru.

"Udongo wangu mlichukua, nikanyamaza," alisema. "Maji mkaninyima, nikanyamaza. Leo mmeyafuata hata mawe. Sinyamazi tena."

Kifaru akakoroma, akainamisha pembe. Bi Pimbi hakushuka kwenye jiwe.

"Siwezi kuwazuia, nguvu sina. Lakini mnataka kuchukua kwa sheria au kwa wizi? Kama ni wizi, semeni wizi, watu wote hawa wasikie. Kama ni sheria, basi niambieni, ninyi huko bondeni mnagawanaje mashamba?"

Kiboko hakupenda kuitwa mwizi mbele ya kanga, maana kanga hawawezi kuficha neno. Akajibu kwa kujivuna kwamba bondeni wana desturi kubwa kuliko mashahidi wote wa dunia. Shahidi wao ni maji. Anayedai ardhi huchimba mtaro kwa nguvu zake mwenyewe, pembeni mwa anachokidai, na udongo hutupa upande wake. Kisha huujaza maji. Yakielemea upande mmoja, mtaro umepinda, na anayedai ni mwongo mpaka aunyooshe. Yakisimama sawasawa siku saba, husimama ukingoni akatamka mara tatu kwamba huyo ndiye shahidi wake, na ardhi ni yake.

"Na akimgusa shahidi mtu?" aliuliza Bi Pimbi.

"Anayemgusa shahidi kabla hajasema ameshindwa. Awe nani, awe nani."

"Na maji yasiposimama siku saba?"

Kiboko alitazamana na Nyati, wakacheka wote. Hata Nyati alicheka, jambo ambalo ngiri walilizungumza mwaka mzima. Kiboko alisema amezaliwa bondeni, babu yake amezaliwa bondeni, na hajasikia maji yaliyokataa kusimama. Lakini kwa kuwa Bi Pimbi ameuliza, ni hivi: shahidi akiondoka, mchimbaji anaondoka naye, na hatadai tena ardhi hiyo, yeye wala wajukuu zake.

"Yangeyange, umesikia?" aliuliza Bi Pimbi.

"Nimesikia," alisema Yangeyange.

"Basi chimbeni," alisema Bi Pimbi. "Ila kilima ni kimoja na ninyi ni watatu. Sijui nani anastahili kipande cha juu."

Hapo akakaa. Hakuhitaji kuongeza neno. Kifaru alisema cha juu ni chake. Nyati akasema ni chake yeye. Wakagongana vichwa, paa! mpaka mawe yakaporomoka, na mwishowe Kifaru akapata cha juu, Nyati cha katikati, na Kiboko akachukua cha chini, karibu na bwawa lake. Hicho cha chini ndicho chenye pango la Bi Pimbi.

Kesho yake wakaanza. Wanangu, nguvu ni kitu kizuri, nguvu hazina kosa. Kosa huwa la mwenyewe. Kifaru aliingiza pembe akalima ardhi kama kisu kinavyopita kwenye boga. Nyati alichimba kwa pembe na kwato, kimya, amenuna. Kiboko aling'oa madongo kwa taya. Yeye alichimba asubuhi mapema na jioni tu, kwa sababu ngozi ya kiboko haivumilii jua la utosini, humchoma mpaka inatoa majimaji mekundu kama damu. Kila mmoja alitupa udongo upande wa juu, upande wa ardhi anayoidai, na hapo pakasimama tuta refu kutoka ubavu huu wa kilima mpaka ubavu ule. Kazi ambayo Bi Pimbi na wanawe wangeifanya miaka tisa, wale watatu waliimaliza kwa siku nne.

Bi Pimbi aliwatazama tu, mikono kiunoni. Kabula alimuuliza mbona anatabasamu na nyumba inachukuliwa. Akamwambia apunguze maswali, aende akatikise kibuyu cha mbegu asikie kama bado kizito.

Kisha wakaleta maji. Nyati na Kifaru walibeba mitungi mgongoni, na Kiboko alijaza kinywa chake, ambacho mnajua ukubwa wake, akapanda kilima mashavu yamemvimba, asiweze kusema neno. Chuu, akamwaga, akarudi. Mtaro wa Kifaru ulipojazwa maji yakakimbilia upande mmoja, maana Kifaru aliuchimba bila kuona mwisho wake. Watu wakaguna. Akaunyoosha upya kwa hasira, na maji yakabebwa tena mara ya pili. Kibuyu kimoja Bi Pimbi alinyimwa, na sasa bwawa zima lilikuwa linapanda kilima kinywani mwa mwenyewe.

Walipomaliza, maji yalikuwa yamesimama sawasawa katika mitaro yote mitatu. Jua lilikuwa linafika utosini, na Kiboko alikuwa amekwisha teremka mbio kwenda kujizamisha katika kilichobaki cha bwawa lake. Yangeyange aliachwa kulinda, asije mtu akamgusa shahidi. Wachimbaji wenyewe, kwa desturi, hawakuruhusiwa kurudi mpaka siku ya saba, wasije wakaongeza maji.

Kesho yake jioni, siku ya kwanza ya hesabu, maji ya mtaro wa juu yalikuwa yamepungua kiasi cha kidole. Siku ya pili, kiasi cha mkono. Yangeyange alisimama kwa mguu mmoja, akashangaa. Alizunguka mtaro mzima akitafuta tundu, asilione. Maji hayakutoka popote. Yaliingia tu, taratibu, ardhi ikiyanywa kama mtoto aliyetoka kuchunga.

Siku ya tatu Bi Pimbi akamwendea Yangeyange na kumuuliza kama kuna sheria inayomkataza kupanda. Yangeyange alifikiri sana. Alijibu kwamba sheria inakataza kugusa maji, haikusema kitu juu ya ardhi, na ardhi mpaka siku ya saba bado ni ya mwenyewe. Basi Bi Pimbi akakishusha kile kibuyu. Mbegu ile ikifa hakuna nyingine. Yeye na wanawe wakapita kandokando ya mitaro, mahali udongo ulipolowa kwa chini, wakafukia mtama punje kwa punje bila kugusa tone. Kabula alimaliza kibuyu akakigeuza, kikawa kitupu.

Mtaro wa Kifaru ukakauka siku ya nne. Wa Nyati ukakauka siku ya tano. Lakini wa Kiboko, ule wa chini, uligoma. Hapo ndipo Bi Pimbi alipoliona kosa lake. Kule chini kilima kinakutana na bonde, na chini ya udongo mwekundu kulikuwa na ule mfinyanzi mweusi. Siku ya sita jioni bado palikuwa na dimbwi, upana wa nyungo mbili, limetulia, linang'aa.

Bi Pimbi alilizunguka dimbwi lile mpaka nyayo zikachora njia. Akiligusa ameshindwa. Mwanawe akiligusa ameshindwa. Na likibaki, Kiboko anachukua kipande cha chini chenye pango, na anayepewa mguu hatachelewa kuomba kiuno. Aliketi chini akamchukia Kiboko kwa moyo wote. Na alipokuwa anamchukia, akamfikiria, na alipomfikiria, akakumbuka jambo. Katika siku zote zile za kuchimba, hakuna hata siku moja aliyomwona Kiboko kilimani saa ya jua kali.

Akamwita Yangeyange. "Mara ya mwisho kutiwa maji ilikuwa saa ngapi?"

"Jua likifika utosini."

"Basi siku saba zitatimia kesho jua likiwa utosini, si kabla. Nenda ukawaambie wakubwa. Wasije asubuhi wakaharibu hesabu ya desturi yao."

Yangeyange akaona kwamba ni kweli, na kweli ilikuwa tabia yake. Akaruka kwenda kusema. Na kwa kuwa aliulizwa, alisema pia kwamba kwa Kiboko bado kuna maji.

Siku ya saba walikuja wote, na bonde zima nyuma yao. Jua lilikuwa kali mpaka mawe yanalia. Kiboko alikuja akicheka, lakini ngozi yake ilikwisha anza kuiva. Alitaka kwenda moja kwa moja kwenye mtaro wake. Bi Pimbi akamwambia kwa adabu, tena akipiga goti, kwamba maji hutoka juu kwenda chini, na ushahidi nao uanzie juu. Umati ukaafiki. Kiboko akapanda kilima, hatua kwa hatua, akihema.

Mtaro wa Kifaru ulikuwa mkavu. Kandokando yake, mstari mzima, palikuwa na vichomozo vya mtama, vidogo, vya kijani, vimesimama wima. Kifaru aliingiza pua mtaroni kwa kuwa hakuyaamini macho yake.

"Shahidi wangu yuko wapi?" aliuliza.

"Aliingia ndani," alisema Bi Pimbi, akaonyesha mtama. "Sasa anatoka."

Yangeyange aliapa kwamba hakuna aliyemgusa shahidi, hata yeye mwenyewe aliyekaa siku saba na kiu. Ikawa hivyo kwa Nyati. Nyati alitazama vichomozo kwa muda mrefu, akanuna zaidi.

Kiboko hakusikitika kwa ajili ya wenzake. Alikuwa anateremka kuelekea kwenye mtaro wake, karibu akimbie, mgongo unamwaka, majimaji mekundu yanamtiririka. Pale kando ya dimbwi Bi Pimbi akamsimamisha. Alimkumbusha kwamba mwenye kudai husimama ukingoni na kutamka mara tatu.

"Huyu ndiye shahidi wangu," alisema Kiboko, na koo lilikuwa kavu.

Harufu ya tope ikampanda puani.

"Huyu ndiye shahidi wangu."

Tope lile lilikuwa baridi. Lilikuwa jeusi. Lilinuka nyumbani. Kiboko akafungua kinywa kutamka mara ya tatu, na badala ya neno ikatoka pumzi, akaanguka mwili mzima, pwaaa! Akagaagaa upande huu, akagaagaa upande ule, akafumba macho, akasema aaah, kama mtu aliyerudi safari ndefu. Alipoyafumbua, dimbwi halikuwepo. Lilikuwa limempaka yeye, na lililobaki lilikuwa limerukia nguo za umati.

Kabula ndiye aliyeanza kucheka, akazibwa mdomo na dada yake.

"Jumbe," alisema Bi Pimbi taratibu, "umemlalia shahidi."

Kiboko akajiinua. Alisema kwamba maji yenyewe ni yake, bwawa ni lake, na mtu hawezi kushtakiwa kwa kugusa mali yake. Lakini Kifaru, aliyekwisha kushindwa, hakuwa tayari kushindwa peke yake.

"Mimi nimeshindwa kwa desturi," alisema, "na wewe utashindwa nayo. Au unasema desturi haifai? Kama haifai, basi na mpaka wangu na wewe kule bondeni haufai. Twende tukauchimbe upya leo hii."

Nyati akasogea akasimama ubavuni mwa Kifaru. Na ilitosha. Kiboko akawatazama wote wawili, akatazama pembe zao.

"Basi," alisema mwishowe, "nirudishiwe maji yangu."

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe lake.

"Jumbe, ulinifundisha wewe mwenyewe. Kilichoshuka bondeni ni cha bonde. Haya, nifundishe tena. Kilichopanda kilimani ni cha nani?"

Kifaru, ambaye akili yake hutembea taratibu lakini hufika, alilifikiria swali kwa uaminifu kama vile ameulizwa yeye.

"Cha kilima," alisema.

Wakubwa wakateremka, Kiboko mbele, akiwahi kilichobaki cha bwawa. Siku kumi na nane baadaye mvua ikaja, kwa hasira ile ile, shwaaaa. Watoto wa Bi Pimbi walikimbilia mlangoni kuutazama udongo wao ukiondoka kama mwaka ule. Haukuondoka. Maji yaliteremka kwa kishindo, yakafika kwenye mtaro wa Kifaru yakatulia, yakajaa, udongo ukakaa. Yaliyozidi yakafika kwa Nyati, yakatulia. Kabula alitoka katika mvua, akasimama humo mpaka akalowa, akarudi ndani akamwambia mama yake kwamba sasa amelielewa jina lake. Msimu ule walijaza vihenge viwili, na kibuyu cha mbegu kikarudi juu ya mafiga. Na mtu wa bondeni akisahau akakiita kilima kile Kipara, Yangeyange humsahihisha.

Hadithi yangu imeteremka mpaka hapa, imefika kwenye tuta, imekwama. Sasa malizeni mahindi yenu.

Mnyonge anayeijua ardhi yake, hata adui atamchimbia mtaro.